Asilimia, Mita au Mita za Mraba: Ulinganisho wa Njia za Kupima Tanga la Mbele Kabla ya Kuliagiza

Huku bara ukimwambia mtu kwamba unashona matanga, jambo la kwanza atakalouliza ni nani amefariki. Karakana yetu ya Arusha huishi kwa mahema ya kambi za watalii. Kazi ya tanga la chombo huingia mara chache, nayo huja imekunjwa nyuma ya gari kwa sababu mwenye chombo anakaa Njiro au Moshi mjini, ilhali chombo chenyewe kimetia nanga Tanga, safari ya zaidi ya kilomita 400. Umbali huo ndio unaofanya suala la vipimo liwe zito. Fundi haoni mlingoti wala sitaha. Anachopewa ni namba, na namba ikiwa na maana mbili, kitambaa kitakatwa kwa maana ile ambayo mteja hakuikusudia.

Mteja mmoja alinipigia simu akasema, “Fundi, nataka tanga la mbele la mia na thelathini, kama nililo nalo.” Nikamuuliza, “Mia na thelathini ya nini, mzee?” Akanyamaza kidogo, kisha akanijibu kwamba ndivyo lilivyoandikwa kwenye karatasi za karakana ya ng'ambo iliyolishona lile la kwanza. Nilimwomba alilete tulipime. Chombo chake ndicho nitakachokitumia kwa mifano yote hapa chini, na nimezikadiria namba zake kidogo ili hesabu isomeke kwa urahisi.

Nitangulize msimamo wangu ili msomaji ajue ulinganisho huu unaelekea wapi: asilimia ni lugha nzuri ya kuzungumzia tanga, lakini ni lugha mbaya ya kuliagiza.

Namba zinatoka wapi

Tanga la mbele ni pembetatu yenye kichwa juu, pembe ya joshi chini mbele, inapofungwa omoni, na pembe ya demani upande wa nyuma, inapofungwa kamba ya kulivutia. Majina haya nimeyaazima kwa mabaharia wa majahazi, kwa kuwa yanafaa kuliko kubuni mapya. Ukingo wa mbele hupanda pamoja na waya wa omo, ambao unatoka puani mwa chombo hadi juu mlingotini. Ukingo wa nyuma unatoka kichwani hadi pembe ya demani. Na ukingo wa chini unaziunganisha pembe mbili za chini.

Chombo nacho kina pembetatu yake, iliyofungwa na waya wa omo, mlingoti na sitaha, na hii nitaiita pembetatu ya omo. Kimo chake huandikwa kwa herufi I katika karatasi za chombo, na kitako chake kwa herufi J, yaani umbali wa mlalo kutoka uso wa mbele wa mlingoti hadi pale waya wa omo unapokutana na sitaha. Kwa chombo cha mteja wangu, I ni mita 12 na J ni mita 4. Nusu ya kitako mara kimo inatoa mita za mraba 24, na kwa kanuni ya Pythagoras waya wa omo una urefu wa mita 12.65. Ukingo wa mbele wa tanga hauwezi kufikia urefu huo wote, kwa sababu mtambo wa kuviringishia tanga kwenye waya huo unachukua nafasi chini na juu, hivyo tuchukue mita 11.8.

Sasa kipimo chenyewe. Tandaza tanga sakafuni, kisha pima kutoka pembe ya demani hadi ukingo wa mbele kwa njia iliyo fupi kuliko zote, yaani ile inayokutana na ukingo huo kwa pembe mraba. Urefu huo huandikwa LP. Ukiugawanya kwa J na kuzidisha kwa 100, unapata asilimia ambayo wanamaji wa matanga ya kisasa huitaja. LP ya mita 4 katika chombo hiki ni asilimia 100. Ya mita 5.4 ni asilimia 135. Ya mita 6 ni asilimia 150. Tanga linalopita mlingoti na kuingia ubavuni mwa tanga kuu huitwa jenoa, jina lililotoka kwenye mji wa Genoa, Italia, ambako Msweden Sven Salén alilitumia katika mashindano ya miaka ya 1920. Asilimia 150 nayo haikuchaguliwa kwa sababu upepo unaipenda: kanuni ya mashindano ya IOR, iliyotawala katika miaka ya 1970 na 1980, ndiyo iliyoifanya kuwa mpaka wa kawaida, kwa kuwa aliyeuvuka aliadhibiwa katika hesabu ya mwendo na aliyekaa chini yake hakupata nafuu yoyote. Vyombo vingi vya enzi hizo, vikiwamo vilivyouzwa na kuuzwa tena hadi vikafika pwani yetu, viliumbwa kwa kuzingatia namba hiyo.

Asilimia tatu zenye sura moja

Tatizo la asilimia ni kwamba watu hupima vitu vitatu tofauti na kuviita kwa jina moja. Wengine hupima LP dhidi ya J, na hawa ndio walio sahihi kwa desturi ya biashara hii. Wengine hulinganisha eneo la tanga na eneo la pembetatu ya omo. Wengine tena hupima ukingo wa chini dhidi ya J, pengine kwa sababu ndio upande ulio rahisi kuufikia kwa futi kamba mtu akiwa amesimama sitahani.

Kati ya njia mbili za kwanza tofauti si kubwa. Asilimia 130 ya J ni LP ya mita 5.2, ambayo kwa ukingo wa mbele wa mita 11.8 inatoa eneo la mita za mraba 30.7. Asilimia 130 ya eneo la pembetatu ni mita za mraba 31.2, na ili kulipata eneo hilo LP inapaswa kuwa mita 5.29. Sentimita tisa zinaweza kusameheka. Lakini usidhani kwamba njia hizi mbili zitakaribiana siku zote. Zimekaribiana hapa kwa sababu ukingo wa mbele unakaribia kulingana na kimo cha mlingoti. Tanga lenye LP ileile ya mita 5.2 na ukingo wa mbele wa mita 9.5 bado litaitwa asilimia 130 kwa njia ya LP, na eneo lake ni mita za mraba 24.7 tu, yaani ukubwa wa pembetatu ya omo na kidogo juu yake. Asilimia ya LP haisemi lolote kuhusu kimo.

Njia ya tatu ndiyo iliyomuumiza mteja wangu. Tanga lake lilipofika tulisukuma cherehani ukutani, tukafagia vumbi, tukalitandaza kimshazari kwa kuwa vinginevyo lisingeenea. Ukingo wa chini ulikuwa mita 5.20 kamili, wala haukuzidi wala kupungua, na hapo nikaanza kushuku. Tulivuta futi kamba nyingine kufuata ukingo wa mbele, tukaweka kona ya ubao wa plaiwudi juu yake ili tupate pembe mraba, tukausogeza ubao taratibu mpaka upande wake wa pili ukaelekea pembe ya demani. Kijana wangu aliyeshika ncha ya kamba akasoma, “Nne na thelathini na nne.” Hiyo ni LP ya mita 4.34, asilimia 108. Tanga lililouzwa kwa jina la mia na thelathini lilikuwa na mita za mraba 25.6 badala ya karibu 31, na mzee alikuwa amelitumia misimu mitatu akililaumu gamba la chombo kuwa zito.

Sababu yake ni pembe ya demani iliyoinuliwa. Mzee aliomba ukingo wa chini upande juu ili aone mbele anapokatiza kati ya mitumbwi ya wavuvi, ombi ambalo ni la busara kabisa, na aliyekata tanga akahesabu asilimia kwenye ukingo huo. Ukingo wa chini ukiwa mlalo, urefu wa mita 5.2 ungetoa LP ya mita 4.93, sawa na asilimia 123, ambayo nayo haifiki 130. Ukiinuka kwa nyuzi 15 tu, pembe ya demani inapanda kwa mita 1.35 na LP inashuka hadi ile tuliyoipima sakafuni.

Lipo jambo la jiometri hapa ambalo wateja wengi hawaliamini mpaka uwachoree. Ukiisogeza pembe ya demani juu au chini kwa mstari unaokwenda sambamba na ukingo wa mbele, LP haibadiliki, na eneo halibadiliki, kwa kuwa eneo la pembetatu ni nusu ya ukingo wa mbele mara LP. Kinachobadilika ukiipandisha ni ukingo wa chini unaorefuka na ukingo wa nyuma unaofupika. Kwa hiyo anayetaka tanga la kuonea mbele halazimiki kupoteza mita za mraba, mradi aagize kwa LP.

Mita za mraba, na mahali zinapodanganya

Baada ya kusikia kisa hicho msomaji anaweza kusema kwamba basi tuagize kwa eneo na tumalize. Eneo lina faida zake. Ndilo linalolinganisha bei kwa haki, kwa kuwa kitambaa hulipiwa kwa eneo, na ndilo linaloeleza nguvu ya tanga kwa ukaribu zaidi. Tatizo ni kwamba mita za mraba 26 zinaweza kuwa tanga refu na jembamba linaloishia karibu na mlingoti, au fupi na pana linaloburuta kamba zake hadi nyuma ya waya za pembeni zinazoushikilia mlingoti, na matanga hayo mawili hayafanani kazi hata kidogo wakati wa kwenda bisho, yaani kuelekea upepo unakotoka.

Zaidi ya hayo, nusu ya ukingo wa mbele mara LP huchukulia kwamba kingo zote zimenyooka. Jenoa nyingi hukatwa na ukingo wa nyuma uliobonyea kidogo ili usipigepige, na hivyo eneo halisi hupungua. Tanga la asilimia 95 lenye vijiti vya kuukaza ukingo huo huweza kutuna nyuma na kuongezeka. Wapimaji wa mashindano hawakubali ukadiriaji huo. Kanuni ya IRC, inayoendeshwa kwa ushirikiano wa Waingereza na Wafaransa, huchukua pamoja na LP upana wa tanga katika nusu, robo tatu na saba ya nane ya ukingo wa nyuma. Nusu hupatikana kwa kulikunja tanga mpaka kichwa kiguse pembe ya demani, kazi ambayo hata mshona mapazia angeielewa mara moja. Kisha LP huzidishwa kwa 4, upana wa nusu kwa 6, wa robo tatu kwa 3, wa saba ya nane kwa 2; yote hujumlishwa, huongezwa 0.09, na jumla huzidishwa kwa ukingo wa mbele na kwa 0.0625.

Nilijaribu hesabu hiyo kwenye tanga la asilimia 95 la chombo hikihiki, lenye LP ya mita 3.8 na upana wa mita 2.05, 1.10 na 0.62 kutoka nusu kwenda juu. Hesabu ya pembetatu iliyonyooka inatoa mita za mraba 22.4; ya IRC inatoa 23.7. Mita ya mraba 1.3 imejificha kwenye ule mtuno. Kwa msafiri wa kawaida hilo si jambo la kumkosesha usingizi, ila anayeshindana atalipenda.

Matanga ya dhoruba yana kipimo chake peke yake, na hapo asilimia ya J haitumiki kabisa. Kanuni za usalama za World Sailing kwa mashindano ya bahari kuu huangalia kimo: tanga la dhoruba lisizidi asilimia 5 ya I iliyozidishwa kwa yenyewe, na ukingo wake wa mbele usizidi asilimia 65 ya I, nalo tanga la upepo mkali lisizidi asilimia 13.5 ya I iliyozidishwa kwa yenyewe. Kwa chombo chetu hizo ni mita za mraba 7.2, mita 7.8 na mita za mraba 19.4.

Mia na kumi, mia na thelathini na tano, au mia na hamsini

Tukishakubaliana kwamba kila asilimia hapa ni ya LP, na ukingo wa mbele ni mita 11.8, uchaguzi unabaki kuwa wa upepo na wa mikono ya kuvuta kamba. Asilimia 100 ni mita za mraba 23.6, asilimia 110 ni 26, asilimia 135 ni karibu 32, na asilimia 150 ni 35.4. Wengi hudhani kwamba tanga la asilimia 100 huishia mlingotini barabara. Sivyo: kwa kuwa LP hupimwa kimshazari kuelekea waya wa omo, na si kwa mlalo, pembe ya demani ya tanga hilo huwa imeshaupita uso wa mlingoti kwa sentimita 20 na ushei. Asiyetaka liguse mlingoti kabisa ashuke hadi asilimia 95 au chini yake kidogo, ndiyo maana namba hiyo hutajwa mara nyingi kwa matanga yenye vijiti.

Asilimia 150 siipendekezi kwa chombo cha familia. Hiyo ni kauli ya fundi ambaye angepata fedha zaidi kwa kuipendekeza. Mita za mraba 3.5 zinazoongezeka juu ya asilimia 135 zina faida upepo ukiwa mwepesi, lakini kila mnapogeuza chombo tanga lote hilo lazima lizungushwe mbele ya mlingoti na kukazwa upya kwa winchi, na reli ya kapi za demani, inakopitia kamba ya kulivutia tanga, inatakiwa iwe nyuma zaidi. Kama reli ya chombo chako haifiki huko, bei ya tanga ni mwanzo tu.

Kati ya 110 na 135 ndipo palipo na mjadala wa kweli. Anayetembea zaidi wakati wa kaskazi, upepo ukiwa wa wastani, atafurahia 135. Anayetoka wakati wa kusi, bahari ikiwa na mawimbi na upepo ukivuma siku nzima, atajikuta ameviringisha sehemu ya tanga lake mara kwa mara, na hapo asilimia inamdanganya tena. Watu hutia alama kwenye ukingo wa chini wakisema kwamba wakiviringisha mpaka hapo, 135 imekuwa 110. LP iliyobaki kweli ni mita 4.4, lakini kichwa na pembe ya joshi navyo vimeviringwa, na kilichobaki ni pembetatu ndogo yenye umbo la ile kubwa. Eneo limepungua kwa mraba wa uwiano, hivyo mzee wa 135 aliyeviringisha hadi “110” amebaki na mita za mraba 21, wakati jirani yake mwenye 110 halisi anakwenda na 26 na tanga lake halina mikunjo. Ukiviringisha zaidi ya theluthi moja ya tanga umbo huharibika, linatuna mahali ambapo linatakiwa kuwa bapa, na chombo kinalala ubavu bila kusonga mbele.

Mteja wangu, anayekwenda Tanga zaidi likizo ya Juni na Desemba, nilimshauri achukue 120 yenye pembe ya demani iliyoinuliwa, LP mita 4.8, eneo mita za mraba 28.3. Wapo watakaoona kwamba nimekata shauri katikati kama hakimu mwoga, lakini tanga moja linalotumika Juni na Desemba halina namna nyingine.

Unachotakiwa kutuma

Oda inayoshoneka inataja kwa mita, si kwa asilimia: urefu wa juu kabisa wa ukingo wa mbele, LP, na kimo cha pembe ya demani juu ya sitaha. I na J zitume pia, ili fundi ajihakikishie. Kama unataja uzito wa kitambaa kwa aunsi, sema ni aunsi gani, kwa maana aunsi ya washona matanga wa Marekani huhesabiwa kwa kipande cha inchi 28.5 kwa 36, na si yadi kamili ya mraba kama turubai ya mahema; kitambaa cha aunsi 8 kwa hesabu ya kwanza kina karibu gramu 340 kwa mita ya mraba, na kwa hesabu ya pili gramu 270.

Ukingo wa mbele usiusome kwenye karatasi za kiwanda, kwa sababu mtambo wa kuviringishia huenda ulifungwa baadaye na mtu mwingine. Teremsha tanga lililopo, funga ncha ya futi kamba isiyonyumbuka kwenye kizunguko cha juu cha mtambo pamoja na kamba nyembamba ya kukishushia, kivute juu kwa henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, mpaka kikomo chake, kisha soma namba kwenye pingu ya chini inapofungwa pembe ya joshi. Fanya hivyo alfajiri kabla upepo haujaamka, maana futi kamba ikipulizwa hupinda na kukuongezea sentimita ambazo tanga halitazipata. Mzee alirudi Tanga akapima mara mbili, akapata 11.74 na 11.75, na tulikata kwa 11.65 ili kitambaa kipate nafasi ya kunyooka.